Msugua Nyayo na Maji Meupe

Nianze na swali, maana Mji wetu nao ulianza na swali kabla haujapata ukuta: mtu aliyejisafisha kwanza, ndipo akaenda kusafishwa, amesafishwa na nani? Usinijibu haraka. Mimi nimelijibu kwa mikono yangu hii miaka na miaka, nikalijibu vibaya, na nikaheshimiwa sana kwa kulijibu vibaya. Jina langu Nakijwa. Kazi yangu ni kusugua nyayo za watu ili ziende zikaoshwe.

Najua unacheka. Cheka tu, sikukatazi. Kila mgeni asikiaye habari hii mara ya kwanza hucheka, kisha hunyamaza, kwa sababu anakumbuka siku aliyojikaza kuonekana mzima mbele ya mganga, au siku aliyosubiri apate nguo nzuri ndipo aende kusali. Sisi wa Mji huu hatukufanya jambo la ajabu. Tulichukua tu kasoro ya watu wote, tukaijengea chumba, tukakiezeka bati, tukamweka mtu wa kukihudumia. Mtu huyo ni mimi.

Sikiliza mambo yalivyo. Alhamisi Kuu ikifika, viti kumi na viwili hupangwa mbele ya madhabahu. Watu kumi na wawili huketi na kuvua viatu, na Mwoshaji huja kuwaosha miguu. Simsemi mchungaji, wala askofu. Anakuja Yeye. Anatoka nje ya ukuta, upande gani hakuna ajuaye, na anapofika mlangoni pa kanisa hupiga magoti, na tangu hapo hasimami tena. Huenda kwa magoti kutoka kiti hadi kiti, kitambaa kiunoni, beseni jeupe mbele yake, kichwa kimeinama. Ndiyo maana katika Mji mzima hakuna aliyewahi kuuona uso wake. Tunaujua utosi wake. Juu ya uso wake tumebishana mpaka familia zimehama mitaa: hawa wanasema ana ndevu, wale wanasema hana; hawa wanasema ni mkali, wale wanasema hajawahi kukasirika. Utosi hatujaubishania kamwe, kwa kuwa kila mmoja ameuona kwa macho yake. Una vumbi.

Na Alhamisi hiyo haina saa. Jua hupanda mpaka juu ya mnara wa kengele, likakaa pale, halishuki hata kidogo mpaka mguu wa mwisho ukaushwe. Kuna Alhamisi moja watoto waliingia kanisani wamebebwa mgongoni, wakatoka wanatembea wenyewe. Kuna nyingine iliisha upesi hata watu wakasahau kuvaa viatu. Hatuoni ajabu. Mtu akikuuliza una umri gani, hapa kwetu unamjibu, "Nimeona Alhamisi kadhaa," na hiyo inatosha.

Sasa kosa letu. Zamani, watu walikuja kwenye viti vile na miguu yao kama ilivyo. Mkulima alikuja na shamba lake, mfyatua tofali na udongo wake mwekundu, mjane na majivu ya jikoni. Maji ya beseni yakachafuka, na sisi tukaona aibu. Si kwa ajili yetu, tulisema. Kwa ajili Yake. Tukaulizana: yawezekanaje Yeye aguse tope? Tukaona tunamheshimu. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, nalo lilizaliwa limevaa nguo nzuri, ndiyo maana hakuna aliyelikataa. Tukajenga Chumba cha Matayarisho nyuma ya madhabahu, tukatundika pazia katikati, tukaweka sheria kwamba haketi mtu kitini kabla hajapita chumbani.

Mama yangu ndiye aliyekuwa msugua nyayo wa kwanza, na mimi nilirithi kwake jiwe, dodoki, sabuni ya mche na kigoda. Ulimi mkali pia nilirithi kwake. Toka sheria hiyo ianze, maji ya beseni jeupe hayajawahi kubadilika rangi. Ibada ikiisha, mzee wa kanisa, Mzee Mgonja, hulibeba beseni kwa mikono miwili, akazunguka nalo katikati ya watu akisema, "Tazameni! Meupe! Maji ni meupe!" Na kwaya huimba, na akina mama hupiga vigelegele. Mimi nilisikiliza vigelegele vile nikiwa nyuma ya pazia, miguu yangu ndani ya maji machafu ya watu kumi na wawili, nikijua kwamba sifa ile ni yangu. Sikuwahi kujiuliza jambo moja dogo: kama maji yanatoka jinsi yalivyoingia, Yeye alikuja kufanya nini?

Nikueleze kidogo kuhusu nyayo, maana nazijua kuliko ninavyozijua nyuso. Mtu anaweza kudanganya kwa macho, kwa sauti, hata kwa machozi. Unyayo haujafundishwa kudanganya. Nikishika gaga la mtu, ule mpasuko wa kisigino, najua amesimama wapi na kwa muda gani, na kama alisimama kwa kupenda au kwa kulazimishwa. Tope likitoka, linatoka pamoja na mahali lilipotoka. Chumbani mwangu nimewahi kusikia mto ukipita kutoka kwenye vidole vya mwanamke mmoja, na harufu ya soko la vitunguu ikajaa mpaka kwenye paa. Tena nikisugua sana, mguu unaanza kurudi nyuma. Unakuwa wa kijana, kisha wa mtoto, kisha wa kichanga, laini kama andazi lililotoka kuumuka. Hapo ndipo nilipofunzwa kuacha. Mama alisema, ukizidisha, mtu atatoka humu hana alikotoka.

Na kitu kimoja zaidi, ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Pazia lina upenyo. Mwoshaji anapopiga magoti, nyayo zake hugeuka upande wangu. Watu wote wanamwona utosi. Mimi peke yangu nimeziona nyayo. Zina magaga ambayo sijayaona kwa mkulima wala kwa msafiri yeyote. Zimetembea. Na katikati ya kila unyayo pana kovu la mviringo, limeingia upande huu na kutokea upande wa pili. Mara ya kwanza kuliona mkono wangu ulishika jiwe wenyewe, kwa mazoea, kisha ukaliacha.  Niliogopa, na katika hofu ile nilitaka kulia, na sikujua nalia nini. Kuna makovu ambayo hata msugua nyayo hodari hana la kuyafanya ila kuyatazama.

Basi ikaja Alhamisi ninayotaka kukusimulia.

Watu kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kupita mikononi mwangu. Wa kumi na mbili hakuja. Waliomwendea walikuta mlango wake umehamia mtaa mwingine, mambo ya kawaida huku kwetu. Sheria inasema kiti kisipopata mtu, apewe wa kwanza kuingia langoni. Na sheria nyingine, ya zamani zaidi, inasema aliyeuhama Mji harudi kuishi ndani yake ila akiketi kitini na kuoshwa miguu. Asipooshwa siku aliyopewa kiti, lango halimfungukii tena. Mzee Mgonja alichungulia chumbani.

"Mama Nakijwa, mtu wa kumi na mbili amepatikana. Fanya haraka, mama, kwaya inakaribia kumaliza."

"Nani?"

Alitazama kofia yake. "Utamwona."

Akaingia mwanamke ameshika ndara mkononi, amejifunga khanga iliyopauka, miguu imejaa tope mpaka kwenye vigimbi. Sikuhitaji kuinua macho. Kidole cha pili cha mguu wake ni kirefu kuliko gumba, kama changu, kama cha mama. Alikuwa Elisifa, mdogo wangu wa tumbo moja.

"Shikamoo, dada."

"Leta mguu," nikasema.

Hapa lazima nisimame, nikuambie ukweli, kwa sababu bila huu ukweli utadhani mimi ni mwanamke mbaya tu. Ubaya ninao, lakini una historia. Mama alipougua tulikuwa wawili wa kumuuguza. Asubuhi moja, siku mama aliposhindwa kuinua kijiko, Elisifa alichukua ndoo akasema anakwenda kisimani. Ndoo ililetwa na majirani. Elisifa hakuonekana. Nilimgeuza mama kitandani peke yangu, nikamlisha uji peke yangu, nikamfumba macho peke yangu. Zimepita Alhamisi kumi na moja. Uchungu wangu niliutunza vizuri, kila siku naupangusa vumbi, nikijua kwamba ndicho kitu pekee ambacho Elisifa hawezi kunichukulia.

Lakini mama, kabla hajafumba macho, aliacha neno. Alisema ni la Elisifa, akanikabidhi mimi, nilipeleke. Nilijua Elisifa alipo. Wasafiri walileta salamu zake langoni kila msimu. Sikulipeleka. Nililiweka chini ya ulimi na kulikalia kimya. Ukimnyima mtu neno la mama yake umemwibia, na huna pa kujificha kwa kusema ulikuwa na huzuni. Nilijua hivyo hata wakati ule. Niliiba kwa akili timamu.

Nikaanza kusugua.

Tope halikutoka.

Nikabadilisha maji. Nikapaka sabuni mara mbili, nikaacha dodoki nikashika jiwe. Tope lilikuwa la njia nyingi, jekundu juu ya jeusi juu ya la kijivu, limekauka kwa matabaka. Nilikwangua, na chini ya tope nikakuta tope. Jasho lilinidondoka puani. Nje kwaya ilirudia ubeti wa mwisho, kisha wakaurudia tena, wakinisubiri. Nikaongeza nguvu, na sitaki kukuficha: nilifurahi kumwona anauma midomo. Damu ikatokeza kisiginoni.

"Dada," akasema polepole, "unasugua miguu, au unanisugua mimi?"

"Vyote."

"Sawa. Sugua."

Hakuuvuta mguu. Hilo liliniudhi zaidi. Nikasugua kwa hasira mpaka mguu ukaanza kurudi nyuma, kama nilivyokueleza, ila ulirudi ukiwa na tope lake. Ukawa wa msichana wa kipaimara. Ukawa wa mtoto wa miaka mitano, niliyembeba begani siku tulipovuka mto uliofurika, akinikamata masikio. Kisha, badala ya kuendelea kuwa mdogo, ukazeeka ghafla mkononi mwangu; ngozi ikawa karatasi, mishipa ikasimama, na kidole cha pili kikakunjika kidogo kwa ndani, vile kilivyokunjika siku ile nilipomvalisha soksi za mwisho. Nilikuwa nimeshika mguu wa mama. Nilikuwa nimeutia damu. Jiwe liliniponyoka, likapasuka vipande viwili sakafuni.

Nilipotazama tena, ulikuwa mguu wa Elisifa.

"Nimekuja kukaa," alisema. "Nimechoka kuwa mgeni, dada. Kule nilikotoka, nikiumwa hakuna anayejua jina la mama yangu. Siku ile ya ndoo niliogopa. Sikuwahi kumwona mtu akifa, na nilijua atakufa mikononi mwangu, nikakimbia. Sina sababu nyingine nzuri zaidi. Natamani ningekuwa nayo."

Nikaokota vipande vya jiwe.

"Kitu kimoja tu nakuuliza, halafu ufanye utakavyo. Mama aliniachia neno?"

Neno liligeuka chini ya ulimi wangu. Nililisikia likigeuka, kama mtu aliyelala anapoitwa.

"Hakuna," nikasema. "Hakusema kitu."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa anajua tayari. Sijawahi kumwona mtu akiamini uwongo wangu kwa unyenyekevu namna ile, na wala sitaki kuona tena.

Mzee Mgonja akachungulia. "Tayari?"

Sasa fikiri nafasi niliyokuwa nayo. Uamuzi ulikuwa wangu. Wafalme wana majeshi. Mimi nilikuwa na kigoda na beseni, na kwa vitu hivyo viwili ningeweza kumfungia mtu mlango milele, na kila mtu angeniita mwaminifu kazini. Ndipo nilipojua kwamba mamlaka makubwa kuliko yote ni yale anayopewa mtu mdogo kusema nani ni safi.

"Hajatakata," nikasema. "Hafai kukaa."

Mzee Mgonja alimtazama Elisifa, akanitazama mimi, akavuta pumzi. Si mtu mbaya. "Pole, binti yangu," alisema. "Maji yamekuwa meupe miaka hii yote. Hatuwezi kuanza kuyachafua leo." Elisifa akainuka, akaketi kizingitini pa mlango wa nyuma, akaanza kuvaa ndara zake. Mkanda ulikuwa umekatika, akawa anaufunga kwa uzi.

Upande wa pili wa pazia, Mwoshaji alikuwa amemaliza kiti cha kumi na moja. Nikaweka jicho kwenye upenyo. Alisogea kwa magoti mpaka kwenye kiti cha kumi na mbili. Kilikuwa kitupu. Aliweka beseni chini yake, kama kwamba miguu ipo. Akasubiri.

Tulidhani atainuka. Hakuinuka. Kwaya ikaishiwa nyimbo, ikanyamaza. Jua lilikaa juu ya mnara. Mishumaa ikaisha ikawashwa mingine, nayo ikaisha. Watoto waliokuwa mstari wa mbele waling'oka meno na kuota mengine. Nywele za Mzee Mgonja zilikuwa na mvi chache nilipotazama mara ya kwanza; nilipotazama tena zilikuwa nyeupe zote. Na Yeye amepiga magoti mbele ya kiti kitupu, mikono yake miwili imekingwa mahali ambapo mguu ungekuwa. Hapo nilishikwa na jambo ambalo sina neno lake. Tumezoea kusema kwamba mwanadamu humngoja Mungu, na kwa kungoja kwetu tunajisifu kidogo. Sijui ni nani aliyewahi kutufundisha kusimama kimya na kutazama Mungu akimngoja mtu. Angeamuru, lango lingeng'oka. Aliyeumba miguu yote alikuwa amekosa mguu mmoja, na kwa huo mmoja aliisimamisha siku. Watu walianza kulia bila kelele, hata waliokuja kwa mazoea tu. Mimi nililia na nikakasirika kwamba ninalia.

Kisha akageuka.

Alikuja kwa magoti, akilisukuma beseni mbele yake, akapita kando ya madhabahu, akaja upande wangu. Haikuwahi kutokea. Pazia likasogezwa na utosi wenye vumbi. Akaingia katika Chumba cha Matayarisho, akapita mbele ya kigoda changu, akanipita mimi, akaenda moja kwa moja mlango wa nyuma. Elisifa alikuwa bado anahangaika na mkanda. Mwoshaji aliutoa uzi mkononi mwake, akaivua ile ndara, akauchukua mguu, wenye tope lake lote na damu niliyoitoa mimi, akautia ndani ya maji meupe.

Yakawa meusi pale pale.

Kanisa zima lilikuwa limesogea kwenye pazia. Kikatoka kishindo cha watu kuvuta pumzi pamoja. Mzee Mgonja alipiga kelele, masikini, kwa uchungu wa kweli, "Bwana! Maji yanachafuka!"

Na Mwoshaji akasema, "Ndiyo kazi yake."

Hatukuwa tumewahi kumsikia. Tulitarajia ngurumo. Ilikuwa sauti ya mtu wa kawaida, yenye mkwaruzo kidogo, ungeweza kuisikia dukani ikiuliza chumvi. Watu wakaanguka kifudifudi, si kwa sababu ya ukubwa wake. Walianguka kwa sababu ilikuwa karibu mno.

Alimwosha Elisifa bila haraka. Hakutumia jiwe. Kila kidole alikishika peke yake, akakipitishia maji, na tope lile lililonishinda likatoka lenyewe. Elisifa alifunika uso kwa khanga na kulia kwa sauti, kama mtoto, bila aibu. Akakaushwa. Nikajua imekwisha: ameoshwa, atakaa, na mimi nimeshindwa. Nilikuwa natafuta njia ya kutoka.

Ndipo beseni likasukumwa mpaka mbele yangu.

Nikatazama chini, na kwa mara ya kwanza baada ya Alhamisi nyingi niliiona miguu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeiweka humo humo katika maji niliyowaoshea watu, mwaka baada ya mwaka, na hakuna siku niliyoisugua, kwa kuwa mimi sikuwa wa kuketi kitini. Tope la Mji mzima lilikuwa limenipanda mpaka magotini. Shamba la yule mkulima lilikuwepo, na udongo wa yule mfyatua tofali. Tope langu pia lilikuwepo, nalo lilikuwa jeusi kuliko yote.

"Bwana," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwenye ustaarabu mwingi, "nisubiri kidogo. Ngoja kwanza ninawe."

Unaona? Mji mzima ulikuwa kinywani mwangu.

 Mzee Mgonja, mwenye kupenda kusaidia, alikuja anakimbia na ndoo. "Maji mapya haya hapa, Bwana. Yale mwageni, yana uchafu wa yule."

"Maji ni haya," akasema Mwoshaji.

Haya. Yenye tope la Elisifa. Nitie mguu wangu humo? Mimi niliyebaki, mimi niliyegeuza, niliyelisha, niliyefumba? Nioshwe kwa maji yaliyomwosha aliyekimbia? Kama ni hivyo tofauti yetu iko wapi? Nani atajua kwamba mimi nilikuwa mwema? Nilitaka beseni langu. Nilitaka maji yangu, meupe, yenye jina langu. Ningekubali hata msamaha, mradi usiwe ule ule aliopewa yeye. Mguu ukakataa kuingia, na haukuwa ukaidi wa mguu. Chini ya ulimi palikuwa na kitu, na mwili ulijua kwamba viwili hivyo haviendi pamoja.

Akashika kisigino changu. Hakukivuta. Akainua uso.

Nimeulizwa mara nyingi, nami nitasema nilichokiona, sitaongeza. Nilitegemea mwanga ambao ungeniunguza. Niliona mtu amechoka, ana jasho, na juu ya jicho la kushoto, kwenye nyusi, tone la tope la mdogo wangu lililomrukia. Na alikuwa na furaha. Furaha ile ya fundi aliyekaa miaka kijiweni anaitwa tu kushika nyundo bila kupigilia msumari, na leo amepewa kazi. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama kazi nyingi, na kazi hiyo anaipenda. Sikuweza kubaki na kitu mdomoni.

"Elisifa," nikasema.

"Abee, dada."

"Nilikudanganya sasa hivi. Na miaka yote hii nilikudanganya kwa kunyamaza. Mama aliacha neno, akanipa mimi nikuletee. Sikuleta. Nilitaka uteseke."

Alishusha khanga usoni. 

"Alisemaje?"

Neno lilikuwa limekaa sana gizani, nikaogopa kwamba limeharibika. Halikuwa limeharibika. Lilitoka kwa sauti ya mama, pamoja na kikohozi chake.

"Alisema, 'Elisifa akirudi, mpeni chakula kwanza. Maneno baadaye.'"

"Basi?"

"Basi. Alirudia mara mbili, akalala."

 Elisifa alicheka na kulia kwa pamoja, akasema, "Mama huyo," akitikisa kichwa, na mimi nikacheka pia, kwa sababu alikuwa mama kabisa, mwanamke aliyeona mambo yote ya dunia yanaweza kungoja ugali uive. Sikuhisi mguu wangu ulipoingia majini. Nilipotazama ulikuwa ndani tayari, na maji yalikuwa ya vuguvugu, na tope langu lilikuwa linaingia katika tope lake, na hakuna mtu chini ya mbingu ambaye angeweza kutenganisha lipi la nani. Mikono Yake ilikuwa inafanya kazi. Nilisikia mashamba ya watu, na mito, na soko la vitunguu, vikinitoka kimoja kimoja. Nyuma yangu Mzee Mgonja alikuwa ameketi sakafuni, anavua viatu vyake.

Hakunikausha. Kitambaa alimpa Elisifa, na Elisifa akapiga magoti pale alipopiga Yeye. Jua likaanza kushuka kutoka kwenye mnara, taratibu. Mdogo wangu alinishika mguu kwa woga, kama mtu anayeshika yai la mwenzake, akaanza kufuta kidole cha pili, kile kirefu. Nilimtazama utosi. Ulikuwa na vumbi la safari. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na mikono ilikuwa inatetemeka, na nilimsugua muda wote ule bila kugundua kwamba mtu huyu ana njaa.

"Elisifa, umekula?"

"Bado, dada."

Nikainuka, mguu mmoja mkavu na mmoja unachuruzika, nikaenda kuwasha moto.